Punje Nne za Nyange

Busunzu, Kibondo
Jumapili, 4 Agosti 2024

Irakoze,

Miezi saba! Nimeihesabu kwa mwezi wa angani, si kwa kalenda ya Bazilio. Kifaranga ulichokiacha kikikufuata jikoni sasa ni kuku mzima, ana watoto tisa, na wewe bado hujaja. Umekufa? Hapana, habari ya msiba ingefika. Umefungwa? Hapana, ningekwisha kuitwa nilete chakula. Basi miguu yako ina nini? Barabara siku hizi ni lami. Kudra anapanda basi asubuhi kwenda Kasulu kununua vitenge vya duka lake, na jua halijatua yuko hapa ananisimulia bei.

Simu sitaki tena. Nikianza kukusema unaniambia, "Bibi, mtandao," halafu unapotea. Barua haina mtandao. Utaishika kwa mikono miwili na kuisoma mpaka chini. Anayeandika ni jirani yetu Bazilio, katekista, unamjua, mwenye sauti kubwa na mwandiko wa kuinama. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Hapa anatikisa kichwa. Andika na hilo la kichwa, Bazilio.

Haya, za nyumbani. Mbuzi amezaa mapacha. Mguu wangu wa kushoto unauma asubuhi, mchana unanyamaza. Paa la jikoni limezibwa. Maharage tutazungumza ukija.

Sasa sikiliza. Kudra alikuona kwa Nurudini, pale dukani unapotoa fotokopi. Anasema umekodolea kompyuta macho, na ndani yake kuna kijitu kinaruka. Akakuuliza ni nini, ukasema ni gemu, unaitengeneza wewe. Mimi nimewaambia watu wa hapa kwamba mjukuu wangu anasomea kompyuta na atakaa ofisini na muhuri mezani. Sasa niwaambie anatengeneza vijitu vya kuruka? Nijibu, usinizungushe.

Na usiniambie Jumamosi una kazi. Kudra alikuona stendi Jumamosi ukipanda gari la Makere. Nani anakaa Makere mimi najua na wewe unajua. Sijauliza.

Nakupenda, mjinga wewe.

Bibi yako,
Mpawenimana


Kasulu
19 Agosti 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Amahoro. Barua yako kondakta alinipa mkononi. Nimeisoma nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Umenichapa kweli. Nisamehe. Mimi ni mzima, nakula vizuri, nimekonda kidogo tu kwa ajili ya mitihani. Mzee Bazilio, shikamoo yako hii hapa, na ahsante kwa kuvumilia.

Ni kweli, Bibi, ninabuni gemu. Chuoni tunafundishwa kompyuta kwa ujumla, namna ya kuiamuru ifanye kazi. Somo la gemu halipo. Kwa hiyo tumekusanyika wanafunzi sita, tunajifunza wenyewe, na mwalimu mmoja anatusaidia. Sheria yake ya kwanza ni kwamba utengeneze kitu kidogo lakini ukimalize. Gemu yangu ya kwanza ilikuwa ya mbuzi anayevuka barabara. Ilikuwa mbaya hata mbuzi alikwama katikati akagoma. Ya pili ilikuwa nafuu. Kijitu alichokiona Kudra ni cha gemu ya tatu.

Lakini kazi yenyewe si kurusha vijitu. Ni kupanga sheria: mtu unampa nini, unamkataza nini, na akichagua hiki kinamtokea nini. Ukipanga vizuri, hatoki. Ukipanga vibaya, anapiga miayo.

Mwanzoni mwa Desemba kuna mashindano ya wanafunzi, Kigoma mjini. Watakuja watu wa Dar es Salaam wanaoishi kwa kazi hii. Hao hawataki cheti, wanataka uwaonyeshe gemu uliyoimaliza wewe. Bibi, mtu wa huku kwetu nafasi kama hiyo haimwijii mara mbili. Nikiikosa, nitabaki kutoa fotokopi.

Gemu ninayoiandaa kwa mashindano, ya nne, ni shamba lako. Mchezaji ana chungu chenye aina nyingi za maharage, kama mchanganyiko wako. Kila msimu anachagua apande ipi, kisha anachota karatasi ya mvua: nyingi, haba, au iliyochelewa. Mwisho wa misimu sita, mwenye maharage mengi ndiye mshindi.

Kabla ya kuingia kwenye kompyuta, gemu hujaribiwa kwa karatasi. Nimekutumia boksi kwa basi. Ndani kuna shamba nililolichora, karatasi za mvua, na maharage halisi ya kuchezea. Chezeni watu watatu. Mwalimu anasema mtu akicheza gemu yako, ufunge mdomo, utazame mikono yake, usimsaidie. Mimi siko huko, basi Mzee Bazilio awe macho yangu, aniandikie kila kitu, hasa mnapochoka.

Nitakuja mambo yakipungua.

Mjukuu wako,
Irakoze


Busunzu
15 Septemba 2024

Irakoze, mwana wanje,

Amahoro. Mapacha wa mbuzi wanaendelea. Kuku wako amekuwa jambazi, anafukua kila nilichofukia. Boksi limefika. Kondakta alilikalia kidogo upande mmoja, lakini shamba halikuvunjika.

Kwanza, maharage yako. Nani alikufundisha kutuma maharage bila kuyachambua? Kumi na tano yalikuwa yamebunguliwa, nimeyatupa. Mchezo usubiri, siwezi kucheza na wadudu.

Tumecheza Jumatano barazani, mimi, Kudra na Bazilio. Kudra alikuja akitembeza sabuni za duka lake, akaacha beseni pale pale. Ulisema Bazilio awe macho. Macho gani? Msimu wa kwanza haujaisha alikuwa amechutama na sisi, anadai kapewa karatasi mbaya ya mvua.

Sasa nikuambie palipoharibika. Kwenye karatasi ya sheria uliandika kwamba mwenzako anaweza kukuomba mbegu, na ukimpa zako zinapungua. Kudra aliniomba, nikampa. Bazilio aliniomba, nikampa. Mimi niliomba kwa Bazilio. Unajua alifanya nini? Alifunika chungu kwa mkono! Huyu aliyetuhubiria sadaka Jumapili, Jumatano ameyakalia maharage kama kuku anayeatamia. Nikamwambia, "Katekista!" Akasema, "Mama, ni sheria ya mchezo." Kudra akacheka mpaka ushungi ukamtoka, akasema, "Bi Mpawe, na wewe unagawa gawa nini? Utafilisika!"

Mwishoni Bazilio akahesabiwa mshindi. Nilikataa. Tumecheza tena mara mbili, na wote wawili wakawa wanafunika vyungu, hakuna anayemwomba mwenzake, kila mtu anapanda ile nyekundu kubwa inayozaa sana. Mara ya tatu Kudra alipiga miayo. Nakuandikia kama ulivyotaka: hapo ndipo tulipochoka.

Mjukuu wangu, umekulia kwenye shamba langu ukiwa umefumba macho? Anayeomba mbegu hanyimwi. Wala si kwa sababu ya wema, mimi si mwema. Nikikupa konzi ya mbegu yangu mwaka huu, na mwaka kesho mvua ikaniozeshea yangu, ninakuja kwako kudai ile ile, na huwezi kuninyima kwa sababu ilitoka kwangu. Chungu changu ni kimoja, lakini mbegu yangu imelala kwenye vyungu vya watu kumi. Gemu yako inampunguzia anayetoa. Anayetoa anaweka. Igeuze.

Neno lingine. Katika yale maharage kulikuwa na punje nne nyeusi zenye doa jeupe mgongoni. Hiyo ni nyange. Mama yangu alivuka nayo kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, amefunga kwenye pindo la kitenge, na mimi binti mdogo nimemshika pindo lile lingine. Nimeziweka pembeni, hazichezewi.

Umezipata wapi?

Habari ya Makere hukujibu. Nami sikuuliza.

Bibi yako


Kasulu
2 Oktoba 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Hapa mvua ya kwanza imenyesha, vumbi limelala. Mitihani nimefaulu yote isipokuwa hesabu, na hiyo nitairudia.

Nilipowasomea wenzangu barua yako, mmoja alilala kwenye benchi kwa kicheko, akasema Mzee Bazilio awekwe ndani ya gemu. Halafu mwalimu akaichukua na kuisoma mwenyewe. Akasema, "Huyu bibi yako amebuni gemu ngapi?" Nimegeuza sheria kama ulivyosema. Sasa ukimpa mtu mbegu, jina lako linabaki kwenye chungu chake. Mvua ikikuharibia, unakwenda kudai. Tulijaribu na wanafunzi wa darasa lingine, hawakutaka kuondoka, hata kengele ilipolia.

Zile punje nne nilizinunua sokoni pamoja na mengine. Sikuangalia.

Bibi, na mimi nina swali, kwa sababu ya gemu tu. Umesema anayeomba mbegu hanyimwi. Katika maisha yako yote, kuna mtu aliyekuomba ukamnyima? Nataka kujua gemu imfanyie nini mtu kama huyo.

Mjukuu wako,
Irakoze


Busunzu
6 Oktoba 2024

Irakoze,

Salamu.

Sokoni hakuna nyange. Nimezunguka masoko yote ya huku nikiitafuta, na Kudra amezunguka ya Kasulu.

Mpawenimana

Mjukuu, hapa ni mimi Bazilio. Haya hakuniambia niandike, na kwa kuwa hasomi, nayaweka chini. Chungu cha mbegu cha bibi yako ni kitupu. Mwezi wa tatu alilala wiki mbili kwa ule mguu, na paa la jikoni likavuja juu ya chungu. Mchanganyiko wote uliota na kuoza ndani. Amekuwa akipanda maharage ya dukani na kuwaambia watu anaipumzisha mbegu yake. Nyumba zote alizowahi kugawia nyange amezizungukia kwa mkongojo. Hawana tena. Wote siku hizi wanapanda ile nyekundu, ndiyo inayotakiwa na wanunuzi. Swali lako nililisoma kwa sauti. Aliinuka akaenda kuwatazama mbuzi. Nilimsubiri hadi nikaenda zangu, na leo ndipo ameniita niandike haya machache.


Kasulu
10 Novemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi. Mzee Bazilio, nakuomba uisome mkiwa wawili tu, hata Kudra asiwepo.

Yale maharage sikuyanunua. Niliyachota jikoni kwa mama, Makere. Nilikuwa na haraka ya basi, nikachota bila kutazama.

Bibi, nitalitaja jina lake kwa sababu nimechoka kuliruka. Niyubahwe. Mama yangu. Baba alipofariki na mama akaolewa Makere, ulisema mimi nibaki kwako, nikabaki, na sikujuta. Lakini asubuhi ile alipokuja na kikapu kukuomba mbegu, mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nilikusikia ukimwambia chungu ni kitupu. Nilikuwa na miaka tisa, na jana yake tulikijaza pamoja, wewe ukiweka majivu na mimi nikikoroga. Nilijua kimejaa.

Likizo iliyofuata uliniruhusu nikamwone mara moja. Usiku wa kuamkia safari nilichota konzi moja, nikaificha ndani ya soksi ya shule. Nilipofika nikammwagia mkononi. Akazigeuza geuza, akasema, "Nani amekupa hizi?" Nikasema, "Bibi amekupa." Akauliza tena. Nikasema tena. Akaketi pale pale mlangoni, na mtoto wa watu nikasimama nikimtazama analia.

Kwa hiyo mimi ni mwizi na mwongo, kwa siku mbili tu zilizofuatana.

Ni miaka kumi na moja. Kila msimu anapanda mstari mmoja wa nyange, hauzi, hapiki ila chache za sikukuu. Majirani wakimwambia kwamba ulimfukuza, anawajibu, "Aliyenipa mbegu hajanifukuza." Na kila nikija kwako hunipa salamu nikuletee, nami sijawahi kufikisha hata moja. Nikirudi ananiuliza, "Amejibu nini?" Namwambia, "Amezipokea." Mwaka huu mwanzoni aliniambia anataka kuja mwenyewe kushukuru. Ndipo nikaacha kuja Busunzu. Niliona nikifika nyumbani mambo yatanitoka usoni.

Mashindano ni tarehe sita mwezi ujao. Gemu inakwenda, lakini mwisho wake umekwama. Mchezaji akimnyima mtu, halafu chungu chake kikiharibika, hana pa kwenda. Anakaa tu hapo mpaka gemu inaisha. Nimejaribu kila kitu. Sijui nimpe njia gani.

Mjukuu wako kama bado unanitaka,
Irakoze


Busunzu
27 Novemba 2024

Irakoze,

Nakutaka. Hilo tulimalize kwanza, lisikupotezee usingizi.

Bazilio alisoma tukiwa wawili. Alipofika kwenye soksi, sauti yake kubwa ikaisha, nikamwambia aende kwake arudi kesho. Akarudi kesho, nikamwambia kesho. Amerudi mara nne. Leo ameketi, kalamu iko mkononi, na mimi nimefunga mlango ili nisiende kwa mbuzi.

Anadhani sijui alichokufanyia. Barua ile nilisema maneno mafupi, nikanyamaza, na kalamu ikaendelea kukwaruza muda mrefu. Sijasoma lakini si kiziwi. Kalamu gani inaandika mtu akiwa amenyamaza? Sasa anataka kuinuka. Kaa, Bazilio, nimekusamehe, andika.

Ndiyo. Nilimnyima. Uliniuliza kwa ajili ya gemu, nakujibu kwa ajili yako. Mwanangu alikuwa hajatimiza mwaka kaburini, na yule mwanamke amekuja na kikapu, amesuka nywele. Nilitazama zile nywele. Hakusema neno baya hata moja. Alisema, "Mama, naomba mbegu." Bado aliniita mama. Nikamwambia chungu ni kitupu, na kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni. Nimegawia watu nisiowajua, nimemgawia mtu aliyeniibia jembe, nikamnyima aliyemzalia mwanangu mtoto. Halafu nikawa mkali kila jina lake lilipotajwa, kwa sababu ningekuwa mpole ningelazimika kumfuata.

Sasa zile punje nne. Nilizipanda kando ya mahali pa kuogea, nizimwagilie kwa maji ya kunawa. Siku ya tano nikakuta udongo umefukuliwa. Ni kuku wako. Zote nne. Nilimfukuza kwa mwiko mpaka kwa Kudra, mguu sikuusikia hata kidogo.

Kwa hiyo nyange duniani, kwa ninavyojua mimi, iko Makere tu. Ingekuwa si wizi wako, mama yangu angekuwa amevuka mto bure.

Gemu yako haina mtoto mwizi. Mweke. Akae nyuma ya mlango, mchezaji asimwone. Mchezaji akimnyima mtu, mtoto achote konzi moja akampe aliyenyimwa. Chungu kikiharibika, mchezaji aende kwa yule yule aliyemnyima. Lakini usimpe mbegu hivi hivi. Aombe. Na yule awe na ruhusa ya kukataa.

Mama yako usimwambie kitu. Hata neno. Uongo ni wako lakini mlango ulikuwa wangu, nitausema mimi.

Nenda Kigoma. Kula kabla ya kusimama mbele ya watu. Wewe ukiwa na njaa unanong'ona.

Bibi yako


Kasulu
12 Desemba 2024

Bibi yangu,

Shikamoo sana. Barua yako ilinikuta zimebaki siku saba. Nilipoimaliza nilitoka nje ya duka, Nurudini akadhani nimefiwa, akanifungulia soda.

Sikushinda, Bibi. Nimekuwa wa nne. Wa kwanza ana magari yanayokimbia kama ya kweli, na alistahili.

Lakini sikiliza. Mtoto mwizi nilimweka. Mwenzangu alimchora na soksi mkononi. Kuna dada mmoja katika wale waliotoka Dar es Salaam, anaitwa Mwanaamina, kazi yake ni hii. Aliketi kucheza na wenzake wawili. Nilikuwa nimekula, kama ulivyosema. Nikafunga mdomo, nikatazama mikono. Msimu wa pili mmoja wao akamwomba mbegu, akamnyima, anacheka. Msimu wa tano mvua nyingi ikamharibia kila kitu. Kitufe cha kuomba kikatokea. Alikiwekea kidole, akakiondoa. Akakiweka tena, akaondoa. Yule mwenzake akamwambia, "Omba basi, unaona haya?" Na chumba kizima kimegeuka kinatazama. Akaomba. Mwenzake akamweka weee, kisha akampa punje moja. Moja tu! Wakazozana mpaka wakaambiwa wapishe meza.

Baadaye akanifuata nje, akaniuliza, "Sheria ile ya kuomba umeitoa wapi?" Nikasema, "Kwa bibi yangu, Busunzu." Akasema watu wengi wanajua kuchora, wachache wanajua pa kumzuia mchezaji kidole. Amenipa nafasi ya miezi mitatu kwenye kikundi chao, kuanzia Februari. Nitaanza chini, kujaribu gemu za wengine na kuandika zilipoharibika, huku nikijifunza. Mkuu wa chuo ameshakubali nihesabiwe kama mafunzo ya kazi.

Natakiwa kujibu kabla ya mwezi kuisha. Sijajibu. Naona kama nitakuwa nimekimbia tena. Unasemaje?

Mama hajui kitu. Jumamosi alinipa salamu zako za Krismasi, nami nazifikisha leo, za kwanza: anasema amahoro, na anauliza mguu.

Irakoze


Busunzu
22 Desemba 2024

Irakoze, mwana wanje,

Salamu nimezipokea. Safari hii ni kweli.

Jibu ndiyo. Mjibu leo hii, kabla hujamaliza kusoma, Bazilio atakusubiri. Umejibu? Haya. Watu wa hapa nimekwisha kuwaambia kwamba mjukuu wangu anaitwa Dar es Salaam kupanga sheria. Wanadhani ni mambo ya bunge. Nimewaacha.

Kuwa wa nne si aibu. Yule wa magari, magari yake yakiharibika atamdai nani?

Lakini huendi huko kabla hujaja hapa. Njoo Jumamosi ya kwanza ya mwaka. Kata siti mbili, si moja. Basi linalokuja kwangu linapita Makere, mwambie dereva asimame pale, umpandishe mama yako. Mwambie tu kwamba nimemwita. Akiuliza kwa nini, sema hujui, na huo uwe uongo wako wa mwisho. Aje na kikapu chake, na nyange iwemo. Abebe yeye. Wewe beba kompyuta yako, Kudra anataka kuona kama Bazilio yumo mule ndani.

Kuku yule mtamkuta kwenye sufuria. Amekula mbegu yangu, nasi tutamla.

Chungu nimekiosha, nimekianika juani. Nitakiweka katikati ya sebule, mdomo wazi, aone kwamba sasa ni kitupu kweli. Nitamwambia siku ile kilikuwa kimejaa. Nitamwambia na habari ya soksi, kwa hiyo jiandae, anaweza kukuchapa, nami sitamshika. Halafu nitamwomba mbegu. Anaweza kuninyima. Ana ruhusa.

Wewe utaketi pale penye kinu. Funga mdomo, utazame mikono yetu. Usitusaidie.

Bibi yako,
Mpawenimana